Inasemekana: Ni Nani Aliyesema?

Mazungumzo ya kikundi cha barua mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Bukavu. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu.



Komite ilituomba tuseme kidogo juu ya kazi yetu. Sisi ni wanne, njo tunaosoma barua na ripoti za Kiingereza zinazofikia chama, na kuzigeuza kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe kabla mkutano haujakata shauri. Kiingereza chetu hakikutoka chuo kikuu. Wawili walikipata Nakivale na Kyaka kule Uganda, mmoja Kakuma kule Kenya, mmoja Zambia. Tulikijifunza kwa mstari wa posho, kwa ofisi ya kuandikisha wakimbizi, na kwa matangazo ya ubaoni. Asiyejua kusoma tangazo alikosa mafuta ya mwezi mzima.

Leo hatutafundisha Kiingereza chote. Tutasema juu ya kaneno kamoja tu, kenye herufi mbili: "it". Ni kadogo, lakini kanatuhusu sana sisi tuliokimbia na kurudi, kwa sababu mara nyingi njo kanatuamulia mambo.

Sikilizeni sentensi hizi tatu. Ni za aina tunayosoma karibu kila mwezi. "It is reported that calm has returned to the area." Inaripotiwa kwamba utulivu umerudi katika eneo hilo. "It is estimated that half of the families have gone back." Inakadiriwa kwamba nusu ya jamaa zimerudi. "It is alleged that the field was sold." Inadaiwa kwamba shamba liliuzwa.

Kila moja inabeba jambo zito. Kwa sababu ya ile ya kwanza mtu anaweza kufunga mizigo na kupandisha watoto kwa lori. Kwa sababu ya ile ya pili msaada unaweza kupunguzwa. Kwa sababu ya ile ya tatu mjane anaweza kupoteza shamba la watoto wake. Lakini ukiuliza: nani aliripoti, nani alikadiria, nani anadai? Sentensi inanyamaza. Pale mtu alipopaswa kukaa, kamekaa "it".

Tueleze kwanza namna kanavyofanya kazi. Kwa Kiingereza, sentensi haikubali kutembea bila kichwa. Kitenzi kinataka kitu mbele yake. Mvua ikinyesha, sisi tunasema "inanyesha" na imetosha. Mwingereza anasema "it is raining", na ukimuuliza hiyo "it" ni nini, hana jibu. Si wingu, si mbingu. Ni kiti ambacho hakuna aliyekikalia, kimewekwa pale ili sentensi isianguke. Sasa kiti hicho hicho njo wanakitumia kwa maneno ya watu. "It is said that" ni kusema: kuna maneno yamesemwa, na mwenye kuyasema sikuonyeshi.

Msifikiri ni ujanja wa Wazungu peke yao. Kiswahili chetu kinafanya vile vile. Chukueni neno "inasemekana" mlivunje vipande. Pale mbele kuna "i-". Hiyo "i-" ni ya nani? Ya nyumba? Ya barua? Hapana, ni kiti kitupu kama kile cha Kiingereza. Mwishoni kuna "-ekana", sawa na katika "kupatikana" na "kujulikana". Kwa hiyo, ukipima neno lenyewe, "inasemekana" ni "inaweza kusemwa". Sasa tuulizane: ni kitu gani hapa Bukavu hakiwezi kusemwa?

Kwa mazungumzo ya kila siku tuko na "banasema". Banasema barabara imefungwa. Banasema pesa za mradi zimefika. Hapa angalau kuna "ba-", kuna watu. Lakini watu gani? Tuko pia na "ati": ati shule inafungua kesho. Mwenye kusema "ati" anakuonya kwamba neno si lake, na pengine yeye mwenyewe haliamini. Ni kaneno kaaminifu kuliko "inasemekana", kwa sababu hakajivalishi suti.

Kifaransa, ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni, kiko na "on dit que" na "il paraît que". Hiyo "on" zamani ilitokana na neno la Kilatini la kusema "mtu", kwa hiyo bado kuna binadamu amejificha ndani yake. Na kiko na ule ujanja wa redio: "le groupe aurait attaqué". Sikio lililozoea linajua kwamba "aurait" maana yake ni: hatujathibitisha. Lakini ukigeuza habari hiyo haraka kwa Kiswahili ili kumpa jirani, ile "aurait" inaanguka njiani, na jirani anapokea "wameshambulia". Habari iliyotoka redioni ikiwa na shaka imefika nyumbani ikiwa hakika. Kwa Kiingereza ni hivyo hivyo: mkalimani mwenye haraka anaacha "it is alleged that" na kubeba paka maneno yanayofuata.

Kwa hiyo tumejizoeza kupima kitenzi kinachofuata "it", kwa sababu vitenzi havina uzito mmoja. "Said" ni maneno ya mdomoni tu. "Reported" ni kwamba mtu fulani ameleta habari mahali fulani, pengine kwa maandishi. "Alleged" ni mashtaka ambayo hayajathibitishwa, hata yakiandikwa kwenye karatasi yenye muhuri. "Believed" ni imani ya watu wasiotajwa. "Estimated" ni hesabu ambayo haikuhesabiwa kichwa kwa kichwa. "Understood" ni neno la ofisini: mwandishi ameambiwa, lakini hataki kusema na nani. "Established" ni nzito zaidi, maana hapo mwandishi anasema jambo limethibitika, na unaweza kumdai uthibitisho.

Kuna zingine ambazo si habari za watu hata kidogo. Ni sauti ya mwandishi mwenyewe imevaa barakoa. "It is expected that each family will contribute" inasikika kama ubashiri, kumbe ni amri: kila jamaa itoe mchango. "It was agreed that" iko kwa kila ripoti ya mkutano, na mara zingine waliokubali ni wawili na waliobaki walinyamaza. "It is regretted that the request cannot be accepted" inasema kuna majuto mahali fulani, lakini hakuna mtu anayejuta. Tulicheka siku tulipoigeuza kwa Kiswahili, lakini jibu lilikuwa ni hapana.

Sasa tuje kwa ile inayotuogopesha zaidi. Kiingereza kinaweza kuondoa "it" na kumsukuma mtu mwenyewe akae pale mbele. Badala ya "it is said that she took the money", wanaandika "she is said to have taken the money". Nasi tunafanya vile vile: badala ya "inasemekana kwamba mama huyu alichukua pesa", tunasema "mama huyu anasemekana kuchukua pesa". Maneno ni karibu yale yale, lakini angalieni kilichofanyika. Kwa sentensi ya kwanza macho yetu yako juu ya uvumi, na tunaweza kuuliza umetoka wapi. Kwa ya pili macho yote yako juu ya mama. Wasemaji wametoka nje kabisa, yeye amebaki peke yake katikati ya sentensi.

Katika mkoa wetu tunajua mahali maneno ya namna hiyo yanapofika. Mwaka 2021, katika vijiji vya Kabare, Kalehe na kwingineko, kulikuwa na wale walioitwa bajakazi, waliodai wana uwezo wa kuonyesha wachawi. Wamama wazee walitajwa, na wengine waliuawa kwa moto mikononi mwa vijana wa vijiji vyao. Kabla ya moto kulikuwa na sentensi: "anasemekana ni mchawi". Hakuna aliyesema "mimi nilimwona akifanya hivi, siku hii, mahali hapa". Kama sentensi ingelazimishwa kuwa na mwenyewe, pengine mwenyewe angeogopa kuitamka.

Wengine watatuambia methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hata methali hiyo imefichwa msemaji, ni "lisemwalo" tu. Wazee walikuwa na sababu. Watu waliopita vita wanajua kwamba uvumi wa leo unaweza kuwa risasi za kesho. Wengi wetu tulikimbia mwaka 1996, wengine 1998, wengine 2004, wengine mwanzoni mwa 2025, na kuna jamaa zilizopona kwa sababu zilisikiliza "banasema" na zikaondoka usiku ule ule bila kungoja uthibitisho. Hatutaki kumcheka mtu aliyekimbia kwa sababu ya uvumi.

Lakini tofautisheni. Mtu aliyehama usiku kwa sababu ya uvumi, kama uvumi ulikuwa wa uongo, amepoteza usingizi na pengine kuku wawili. Mtu aliyehukumiwa kwa sababu ya uvumi anapoteza jina, shamba, au uhai, na havirudi. Kwa hiyo, kama mtabeba neno moja tu kutoka mkutano huu, tunaomba liwe hili: neno lisilo na mwenyewe linatosha kutufanya tuangalie, halitoshi kutufanya tuhukumu.

Je, tupige marufuku "inasemekana" na "it is reported"? Hapana. Kuna wakati kiti kitupu ni cha haki.

Kwanza, pale ambapo kweli hakuna anayeweza kujua bado. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023 mvua kubwa ilivunja vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe. Siku za kwanza hesabu ya waliokufa ilibadilika kila siku, mpaka ikapita 400, na wengi walikuwa bado hawajaonekana. Aliyeandika "inakadiriwa" siku zile alikuwa mkweli kuliko yule ambaye angeandika hesabu kamili. Miili ilikuwa chini ya matope na ndani ya ziwa, nani angehesabu?

Pili, pale ambapo kumtaja msemaji ni kumuua. Mwezi wa 10 mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulichapisha ile ripoti kubwa juu ya maovu yaliyofanyika Kongo kati ya mwezi wa 3 mwaka 1993 na mwezi wa 6 mwaka 2003. Inaitwa Ripoti ya Mapping. Ina kurasa zaidi ya 500 na matukio 617 ya ukatili, na mengi yalifanyika kwenye milima na barabara tunazozijua. Majina ya mashahidi hayamo. Kama yangekuwamo, wengi wasingefungua mdomo. Lakini waandishi walieleza walivyofanya kazi: kila tukio lilipaswa kuwa na vyanzo viwili au zaidi visivyotegemeana. Na chini ya kurasa mnaona mahojiano yalifanyika katika mkoa gani na mwezi gani. Hapo tunajifunza kitu: walificha jina, hawakuficha njia. Msomaji hajui ni nani aliyesema, lakini anajua habari ilitembea vipi mpaka ikafika kwenye karatasi.

Njo kipimo chetu. Ukisoma "it is reported", usiulize tu kama jina limefichwa. Uliza kama njia pia imefichwa. Jina likifichwa na njia ikaonyeshwa, pengine mwandishi anamlinda shahidi. Vyote viwili vikifichwa, angalia vizuri: pengine analindwa mtu ambaye hakwenda kuthibitisha.

Tutoe mfano kutoka kwa chama chetu. Mwaka jana tuligawa mbuzi 60 kwa jamaa 60 zilizorudi. Mnakumbuka kanuni: mtoto wa kwanza wa mbuzi anapewa jamaa inayofuata kwa orodha, kisha mama wa mbuzi ni wako, unaweza kumfuga, kumchinja au kumuuza. Miezi ilipita, barua ikatoka kwa mfadhili mmoja. Jina lake hatulitaji, na tunaendelea naye vizuri. Barua ilisema: "It has been brought to our attention that some of the goats were sold. It is understood that the committee was aware." Yaani: imeletwa mbele yetu kwamba mbuzi wengine wameuzwa, inaeleweka kwamba komite ilikuwa na habari. Na chini: sehemu ya pili ya pesa inasimama kwanza.

Imeletwa na nani? Barua haikusema. Mnakumbuka wiki zile. Watu walianza kuhesabu nani alionekana akizungumza na watu wa mradi. Jina la mama mmoja likapita midomoni, sababu ni moja tu: binti yake anapika chai kwa ofisi moja ya msaada. Mama huyo alitoka kwa kikundi chetu cha kuweka akiba, na mpaka leo hajarudi. Kiti kitupu kile, sisi wenyewe tulitafuta mtu wa kukikalia.

Kikundi cha barua kilishauri komite isijibu kwa hasira, iulize maswali. Tuliandika: mbuzi wangapi? Waliuzwa wapi na lini? Aliyeleta habari aliona kwa macho au alisikia? Hatuombi jina lake. Tulitia pia nakala za kurasa mbili za kitabu chetu. Jibu lilikuja, na lilikuwa la heshima. Mtumishi wao wa kutembelea vijiji alikuwa ameona sokoni mbuzi 4 wenye alama yetu sikioni. Kitabu chetu kilikuwa na hao 4, pamoja na tarehe ambayo kila jamaa ilitoa mtoto wa kwanza, na sababu ya kuuza: karo ya shule kwa wawili, hospitali kwa mmoja, mabati kwa mmoja.

Angalieni basi. "Mbuzi wengine wameuzwa": kweli. "Komite ilikuwa na habari": kweli. Sentensi mbili za kweli, zikakaa pamoja bila mwenyewe, bila hesabu na bila tarehe, zikazaa wizi ambao haukuwapo. Pesa ziliachiliwa kisha wiki 7. Jamaa zilizokuwa zinangoja zilipanda msimu bila msaada ule. Hakuna aliyesema uongo katika hadithi hii, na hasara ilikuwa ya kweli.

Mfano mwingine ni wa mashamba, na unawagusa wengi waliokaa hapa. Kwa Bushi, mnajua, kupata shamba kwa kalinzi si sawa na kulipata kwa bwasa. Kalinzi ilitolewa kwa ng'ombe au mali nyingine, mbele ya mashahidi, na haki yake inarithiwa. Bwasa ni kuazima tu kwa muda, ulime mimea ya msimu kisha urudishe. Mtu amekaa kambini miaka 15, anarudi, anakuta mwingine kwa shamba la baba yake. Anaambiwa: "inasemekana baba yako alikuwa hapa kwa bwasa". Kaneno "inasemekana" kamegeuza mwenye shamba kuwa mwazimaji. Hapo msipigane. Ulizeni: nani alikuwa shahidi? Yuko hai? Watoto wake walisikia nini kwake? Na hii migomba mizee iliyo hapa, ni nani aliyeipanda? Kwa desturi mtu wa bwasa haruhusiwi kupanda migomba. Wazee wetu hawakuita mashahidi kwa kupenda pombe tu. Walijua kwamba siku moja mwenye neno atakuwa amekufa, na neno litabaki bila mwenyewe.

Kuna pia swali la kurudi kijijini. Tukisoma "it is reported that calm has returned", tunauliza maneno hayo yametoka kwa nani. Kwa mwenye kulala pale, au kwa mwenye kupita na gari mchana? Utulivu wa lini: wa wiki hii, au wa siku ripoti ilipoandikwa? Redio zinazojiheshimu zinajaribu kusema "kufwatana na shefu wa kijiji", "kufwatana na shirika la raia la mahali". Msikilize Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, mtasikia "selon" mara nyingi kwa habari moja. "Selon" haifanyi habari iwe kweli, lakini inakupa mlango wa kubisha. Kama shefu wa kijiji njo alisema, unaweza kumpigia simu shangazi yako aliye kijiji hicho hicho na kuuliza: ni kweli?

Tumefupisha kazi yetu kwa maswali manne, na tunaomba kila mwanachama ayashike, hata asiyejua Kiingereza, kwa sababu yanafaa kwa "it is said" na kwa "banasema" pia:

1. Ni nani aliyesema? Kama jina linafichwa, ni kwa kumlinda nani?
2. Alijuaje: aliona, aliambiwa, au alisoma?
3. Ni lini na wapi?
4. Tukiliamini neno hili na likawa uongo, nani ataumia?

Swali la nne njo linaamua tunahitaji uhakika wa namna gani. Kama ni kubadilisha njia ya kwenda soko, "banasema" inatosha. Kama ni kumtoa mtu kwa chama, haitoshi hata ikisemwa na watu mia moja, maana watu mia wanaweza kuwa wamesikia kwa mmoja.

Kwa wafadhili wetu, tunasema kwa heshima. Tunajua kwamba mara zingine mnaandika "it has been alleged" kwa adabu, ili msimshtaki mtu kwa jina lake. Tunaishukuru nia hiyo. Lakini adabu hiyo ikifika huku, kwa watu walioishi miaka mingi wakishukiana, haituliki kama adabu. Inatafuta mtu. Kwa hiyo tunawaomba: mkisikia jambo baya juu yetu, tuandikieni mlivyolijua. "Mtumishi wetu aliona mbuzi 4 sokoni, tarehe fulani, tunaomba maelezo." Sentensi hiyo ina mwenyewe, ina hesabu, ina siku, na jina la mtumishi si lazima. Tungejibu kwa siku tatu. Na mkitaka kutuamuru jambo, amuruni wazi: "tunataka kila jamaa ichange". Tutakubali au tutajadiliana, lakini tutajua tunajadiliana na nani.

Nasi kwa upande wetu tumeanza nyumbani. Sekretere wa komite amekubali kwamba katika kitabu cha mikutano hataandika tena "imesemwa kwamba" wala "imekubaliwa kwamba" peke yake. Ataandika nani alitoa wazo, wangapi walikubali, wangapi walikataa, wangapi walinyamaza. Ripoti tunazowatumia wafadhili zitakuwa na moja ya maneno matatu mbele ya kila habari: tumeona, tumeambiwa, au tumesoma. Tukisema tumeambiwa na tukificha jina, tutasema kwa nini tumelificha. Mkiona tumesahau, turudishieni ripoti, hatutakasirika.

Na kwa yule mama aliyetoka kwa kikundi cha akiba, komite imeamua kwamba wajumbe wawili wataenda kwake wiki hii. Hawatamwambia "inasikitisha". Watamwambia majina yao, watamwambia kwamba chama kimekosa kwa kumshuku bila neno lenye mwenyewe, na watamwachia aamue kama atarudi. Wenye kutaka kuwasindikiza wajiandikishe kwa sekretere kabla ya kutoka humu.